Kuchagua Meza ya Wawili Chini ya Uluguru

Katika mambo ambayo mtu huyaanza kwa moyo mwema akayaharibu kwa kukosa tadbiri, chajio cha wawili ni mojawapo; kwani aghalabu mume aliyeazimia kumtoa mkewe jioni, au kijana atakaye kumstarehesha mchumba wake kwa saa chache, huifikiria nguo, huifikiria zawadi, hata maneno atakayoyasema huyatunga tangu mchana, lakini mahali penyewe hupaachia bahati, akapachagua kwa kuwa pana jina, au kwa kuwa pana taa nyingi, au kwa kuwa sahibu yake alipasifu baada ya kuhudhuria harusi ya watu mia tatu. Nimekusudia katika makala haya kumshauri mkazi wa Morogoro, na mgeni ajaye Morogoro kwa tafrija, namna ya kuchagua mahali hapo kwa akili. Na kwa kuwa watu wengi, wanapotaja chajio cha mahaba, huutaja upishi wa Kifaransa kuwa ndio kilele chake, nitakichukua kipimo kwa Wafaransa wenyewe, kisha nikilete katika barabara, masoko na hali ya hewa ya mji huu.

Sharti kwanza ijulikane ni nini hasa kinachotafutwa na mtu asemaye kwamba anataka kula Kifaransa. Katika Paris ya karne ya 18, mtu aliyekula nje ya nyumba yake alizoea kuketi kwenye meza ya jumla pamoja na watu asiowajua, kwa saa aliyoiweka mwenye nyumba, akala kilicholetwa kwa wote. Ndipo kuanzia miaka ya 1760 zikaanza kufunguliwa nyumba za chakula za namna mpya, ambamo mteja alipata meza yake mwenyewe, akaja kwa saa aipendayo, akapewa orodha ya vyakula yenye bei, akachagua alichokitaka na kulipia alichokichagua. Karne iliyofuata Wafaransa waliiacha polepole desturi yao ya kujaza meza kwa sahani nyingi kwa mara moja, wakafuata namna ya Kirusi ya kuleta chakula kimoja baada ya kingine. Na mpishi Auguste Escoffier, aliyezaliwa mwaka 1846 na kufariki mwaka 1935, akaupanga upishi huo na kazi za jikoni kwa nidhamu ambayo kitabu chake cha mwaka 1903 kiliieneza duniani. Mwaka 2010, UNESCO ilipoutia mlo wa sherehe wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu, iliandikisha desturi nzima kwa pamoja: kinywaji cha kufungulia, vyakula visivyopungua vinne kwa mfuatano, meza iliyopambwa, na watu walioketi wakazungumza.

Katika historia hiyo mna mambo mawili yatufaayo. La kwanza ni faragha, yaani watu wawili kuweza kuwa peke yao ingawa wamezungukwa na watu. Na la pili ni mwendo, yaani chakula kuja kwa zamu, kila kimoja kikipewa wakati wake, na baina ya kimoja na kingine pakabaki nafasi ya maneno. Mgahawa waweza kuwa na vitambaa vyeupe, glasi za miguu mirefu na majina ya vyakula yamshindayo msomaji kuyatamka, na bado ukayakosa yote mawili. Na mwingine wenye viti vya mninga na mhudumu mmoja ukayapata. Kwa hiyo kila shauri litakalofuata hapa latokana na mizani hiyo: je, mahali hapa patatupa faragha, na je, patatupa wakati?

Afrika Mashariki imepata kuwa na mifano ya kujifunzia. Nairobi palifunguliwa mwaka 1962 mgahawa wa Alan Bobbe, mdogo wa nafasi, wa upishi wa Kifaransa, uliojipatia sifa kubwa kuliko ukubwa wake. Na huo udogo ulikuwa sehemu ya sifa, maana penye meza chache mpishi humjua kila anayekula. Zanzibar, juu ya paa la hoteli ya Emerson Spice katika Mji Mkongwe, wageni hupokewa kwa mkupuo mmoja tu kwa jioni, wakaletewa vyakula vidogo vidogo kwa mfuatano, vya samaki na viungo vya kisiwani, wala hapana kundi la pili linalongoja meza zao: utaratibu ni wa Ulaya, ladha ni ya Unguja. Mfano huu wa pili ndio utufaao zaidi, kwa sababu waonyesha dhahiri kwamba mwendo wa meza waweza kutenganishwa na nchi ulikozaliwa, ukavikwa vyakula vya mahali pengine bila ya kupungukiwa na adhama yake.

Morogoro si mji wa migahawa ya Kifaransa, na atakayeuzunguka akitafuta kibao chenye jina la Paris atajichosha bure. Walakini Wafaransa si wageni wa milima hii ya Uluguru na jirani zake. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao wa kwanza wao walikuwa aghalabu Wafaransa, walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakafika Mhonda katika milima ya Nguru mwaka 1877, wakafika Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1897 wakaanzisha misheni ya Matombo upande wa mashariki wa Uluguru. Hao waliacha makanisa na shule, hawakuacha migahawa. Lakini kitu ambacho jiko la Kifaransa hukihitaji kuliko mpishi wa Kifaransa kilikuwapo kabla yao na kipo hata leo, nacho ni ardhi iwezayo kuotesha takriban kila kitu. Mji uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga, kiuangaliacho mji, chapita mita 2,100. Basi katika masafa mafupi mtu hutoka katika nchi ya minazi na maembe, akapanda hadi nchi ya kabichi, karoti, njegere na stroberi. Mwenye kuandaa chajio mahali penye soko la namna hii hana sababu ya kuona haya kwa kukosa kibao cha Paris.

Kabla ya kuchagua mahali, mfahamu vizuri utakayekwenda naye. Wako watu ambao mwanga hafifu na utulivu mkubwa huwaliwaza, na wako ambao ukimya huwatia wasiwasi, wakahisi kwamba kila mhudumu anawasikiliza. Wa namna hii wanahitaji mahali penye watu kiasi, na mvumo wa mazungumzo ya wengine uwe pazia lao. Yuko asiyekula nyama, yuko asiyestahimili pilipili, yuko aliyefunga mchana kutwa na atakaye kufuturu kwanza kwa tende na uji kabla ya kuonyeshwa menyu yoyote. Zamani katika baadhi ya migahawa mikubwa ya Ulaya mwanamke alipewa orodha isiyoandikwa bei, ili mwanamume ndiye abebe mzigo wa kuzijua. Desturi hiyo haina haja hapa, katika nchi ya Waluguru ambao ukoo wao hufuata upande wa mama na ambao mwanamke hakuzoea kukatiwa shauri katika mambo yamhusuyo. Muulize mapema, siku mbili tatu kabla, kwa maneno yasiyofichua siri yote kama wataka kumshtukiza: je, mama fulani, siku hizi roho yako yatamani samaki au kuku? Swali hilo dogo litakuokoa na fedheha nyingi.

Ama kuhusu mahali, Morogoro yagawanyika katika sehemu tatu kwa atafutaye meza ya wawili. Ya kwanza ni mji wenyewe, hasa upande wa stesheni ya zamani, ambako reli ya Wajerumani ilifika mwaka 1907 na ambako desturi ya kulaza na kulisha wasafiri ni kongwe. Huku kuna wepesi wa kufika na kurudi, na wapishi waliozoea wageni wa mataifa mengi, wakiwamo wa upishi wa Kihindi, lakini nafasi ni finyu na kelele za barabarani huingia. Ya pili ni mitaa iliyo kwenye nyayo za mlima, kama Forest, Kola, Kilakala na Bigwa, ambako hoteli zina bustani, miti mikubwa na upepo ushukao mlimani jioni. Kwa maoni yangu sehemu hii ndiyo ya kutazamwa kwanza, maana faragha hutengenezwa na nafasi, na nafasi iko huku. Ya tatu ni mlimani kwenyewe, kwenye njia ya kwenda Morningside, nyumba iliyojengwa zama za Wajerumani kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,300. Huko mandhari hayana mfano, lakini njia ni mbaya na giza la mlimani halina huruma, kwa hiyo yafaa kwa chakula cha mchana mlichokifungasha wenyewe, na si kwa chajio. Nakuonya pia juu ya hoteli zilizokaribiana na stendi ya Msamvu na barabara kuu iendayo Dodoma na Iringa: hata chakula kikiwa kizuri kiasi gani, malori yakishuka gia hukata kila sentensi katikati.

Ukishapata mahali pawili au patatu pa kufikiria, nenda ukapatazame mchana, wala usitosheke na picha. Uliza jenereta iko wapi, kwa kuwa umeme ukikatika saa mbili usiku, meza iliyokuwa bora yaweza kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na ngurumo na moshi. Uliza kama kuna ukumbi wa sherehe, na kama usiku ule umekodiwa kwa harusi au kwa mkutano, kwani spika za ukumbi hazijui mpaka wa ukuta. Tazama runinga imetundikwa upande gani, na kabla ya kuweka tarehe angalia ratiba ya ligi, maana hakuna mahaba yawezayo kushindana na usiku wa Simba na Yanga, wala si insafu kumlaumu mhudumu ambaye jicho moja liko kwenye trei na jingine kwenye goli. Tazama choo, ambacho kwa usafi wake hueleza hali ya jiko usiloruhusiwa kuingia. Tazama kama kuna maji yaliyotuama karibu na bustani, kwa ajili ya mbu, na uulize kama wao hufukiza au huweka feni. Hata hivyo mwenzi wako ajue mapema kwamba mtakaa nje, ili avae nguo ya mikono mirefu na kujipaka dawa kwa hiari yake, asije akaishia kujipiga makofi ya miguuni wakati unapomweleza jambo la maana.

Baada ya mahali huja meza yenyewe, na hapa watu wengi hukosea kwa kukubali ya kwanza waonyeshwayo. Meza ya wawili isiwe katikati ya ukumbi, ambako wahudumu hupita pande zote nne. Isiwe karibu na mlango wa jikoni wala njia ya msalani. Na isiwe chini ya taa kali imulikayo vipaji vya nyuso. Iliyo bora ni ya pembeni, yenye ukuta au ua upande mmoja, na baina yake na meza ya jirani pawe na nafasi ya kutosha hata ukisema kwa sauti ya kawaida jirani asisikie. Kaa kwanza kwenye viti vyote viwili wewe mwenyewe, uone kila mmoja unaangalia nini: kiti kitazamacho mlima au bustani ni cha mgeni wako, na kitazamacho watu ni chako, kwani mwenye kukabiliwa na kundi la watu huvutwa macho kila mara na kila aingiaye. Ukiipata meza, iombe kwa namba yake au kwa mahali pake, jina lako liandikwe, na asubuhi ya siku yenyewe upige simu kuthibitisha.

Kisha lijaribu jiko. Siku uendayo kutazama, agiza vitu viwili tu, supu na kimanda. Maana supu haiwezi kufanywa kwa haraka, na kimanda hakiwezi kufanywa kwa uvivu. Supu ikiwa nyepesi ya kujazwa maji na unga wa pakiti, ujue kwamba jikoni hakuna mtu achemshaye mifupa. Na sosi nyingi za Kifaransa huanzia katika mchuzi wa mifupa. Kimanda kikija kikavu, kahawia na kigumu kama kandambili, mpishi ama hana mkono mwepesi, ama amekiacha kikaangoni akaenda kufanya jambo lingine, na yote mawili ni habari mbaya. Angalia vilevile urefu wa menyu. Menyu ya kurasa kumi, yenye pizza, biriani, samaki wa Kichina na chipsi mayai, yaahidi mengi kuliko friji moja iwezavyo kutimiza. Ilhali menyu fupi, au mpishi asemaye kwa ukweli kwamba leo kuna kuku na sarara tu, wastahili kuaminiwa.

Sasa tufikie lile lililo tamu kuliko yote, yaani kumwomba mpishi wa Morogoro akuandalie chajio cha mfuatano wa Kifaransa kwa mazao ya Uluguru. Jambo hili si gumu kama lisikikavyo, mradi umwendee siku mbili kabla, uongee naye mwenyewe na si kwa kupitia mtu wa mapokezi, na umpe heshima ya kuuliza kabla ya kuamuru. Chakula cha kutangulia kiwe supu ya viazi na liki kutoka Mgeta, juu milimani, iliyochujwa ikawa laini, ikatiwa krimu kidogo. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ishukapo kutoka mlimani, hakuna kianzio kiifaacho Morogoro zaidi ya hiki. Wakati wa joto, saladi ya majani mabichi yatokayo huko huko Mgeta yatosha, kwa mafuta, ndimu na chumvi, lakini uhakikishe yameoshwa kwa maji safi, kwani upendo usiofuatiwa na tumbo la kuendesha ndio upendo wenye kumbukumbu njema.

Chakula kikuu ndipo penye fahari ya milima hii. Wafaransa wana namna yao ya kupika sarara ya ng'ombe kwa pilipili manga: punje hupondwa zikawa kokoto, si unga, nyama ikavikwa kwazo na kukaangwa kwa moto mkali, kisha kikaangio hicho hicho kikatiwa mchuzi wa mifupa na krimu, vikachemka hadi vikapungua na kuwa sosi nzito yenye harufu. Pilipili manga yenyewe haihitaji kusafirishwa kuvuka bahari; yalimwa Matombo, Kinole na vijiji vingine vya mashariki ya Uluguru, ambako mdalasini na karafuu pia huota, na ukiinunua nzima ukampelekea mpishi aiponde jioni ile ile, harufu yake haitalingana kabisa na ile iliyosagwa na kuwekwa rafuni mwaka mzima. Asiyependa nyama nyekundu apewe samaki aliyepakwa unga kidogo, akakaangwa kwa siagi hadi siagi ikawa ya rangi ya asali, akakamuliwa ndimu. Kwa namna hii perege wetu hapungukiwi na kitu mbele ya samaki wa mito ya Ufaransa. Vya kuandamana navyo ni njegere, karoti changa, au wali wa Kilombero uliopikwa punje mbalimbali, maana mkoa wenye mchele wa sifa hiyo hauna haja ya kuomba radhi kwa kutoviweka viazi.

Jibini, ambayo kwa Wafaransa hutangulia kitindamlo, isilazimishwe kama haikupatikana nzuri. Ruka hatua hiyo bila ya majuto. Kitindamlo kiwe tunda la msimu: stroberi zilizochumwa siku ile, au plamu za Mgeta zilizochemshwa kwa sukari na kijiti cha mdalasini, au, msimu wowote, ndizi mbivu zilizokaangwa kwa siagi na sukari hadi zikashika rangi. Ukitaka kuvichagua mwenyewe, amkia Soko Kuu la Chifu Kingalu asubuhi, ambako mazao ya mlimani huteremshwa mapema, na ukawaulize akina mama wauzaji ni kipi kilichofika leo. Wala usiache kuwaamkia kwanza, kwani bei ya asiyeamkia haiwi sawa na bei ya aamkiaye. Mwisho wa yote iwe kahawa, lakini uulize kama ni ya kusagwa na kuchemshwa, isiwe ya kopo.

Katika vinywaji pana jambo linalohitaji uangalifu wa dini na wa afya. Sosi nyingi za Kifaransa hutiwa mvinyo au brandi, na baadhi ya vyakula vyake huanza kwa mafuta au vipande vya nguruwe. Kwa hiyo Mwislamu, na kila mwenye mwiko wake, aulize waziwazi kabla ya kuagiza, wala asitosheke na jibu la kwamba kilevi kimekwisha kuyeyuka motoni. Mpishi mwelewa atatumia mchuzi wa mifupa na tone la siki au ndimu badala yake, na ladha haitakuwa yatima. Wanywao mvinyo wanao wa Dodoma, mkoa wa jirani, na chupa moja kwa watu wawili ni kiasi; wasiokunywa wafanyiwe sharubati yenye heshima ile ile, ya pasheni, ya ukwaju au ya tangawizi na ndimu, iletwe ndani ya glasi nzuri na baridi yake, si soda iliyofunguliwa kwa meno ya kizibuo mbele yao.

Mwendo wa chakula hauji wenyewe, huombwa. Mhudumu wa kwetu amefundishwa kwamba mteja mwema ni yule asiyengojeshwa, naye kwa nia safi ataleta supu, nyama na matunda kwa pamoja, kisha ataondoa sahani ya wa kwanza kumaliza ilhali wa pili angali akitafuna. Mweleze tangu mwanzo, kwa upole, na kama ni mtu mzima kwa shikamoo yake: mzee, sisi hatuna haraka, tuletee kimoja kimoja, na kila mara ungoje mpaka wote wawili tumeweka visu. Mpangilie pia saa. Jua la Morogoro hutua kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Mkifika saa kumi na mbili kamili mtaiona milima ikibadilika rangi huku mkinywa kinywaji cha kufungulia, supu ikafuata giza liingiapo, na kahawa ikawakuta kabla ya saa tatu u nusu. Na kama kuna muziki, omba uwe wa chini na uwe wa hapa: mji uliowalea Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 1979, hauhitaji kuazima nyimbo za mapenzi kutoka ng'ambo.

Juu ya fedha nasema machache. Patana bei ya chajio chote mapema, uulize kama kodi imo ndani yake, na uweke akiba juu ya kiasi hicho kwa jambo lisilotarajiwa. Kisha ulipe bila ya kuhesabu mbele ya mgeni wako, ama kwa kutanguliza malipo mchana, ama kwa kuinuka kidogo kwenda kaunta. Bakshishi si faradhi kwetu, lakini mhudumu aliyelinda faragha yenu saa tatu nzima amefanya kazi isiyoandikwa kwenye bili. Jiepushe na israfu: chajio kilichokopewa humfanya mwenye kukilipa kuwa mkali kwa mwezi mzima, na mwenzi wake ndiye aupataye ukali huo.

Msimu nao una hukumu yake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua za Uluguru hazibishi hodi, basi meza ya bustanini iwe na mbadala chini ya paa. Mgeni atokaye Dar es Salaam amerahisishiwa njia tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kuja Morogoro tarehe 14 Juni 2024, safari isiyofika saa mbili. Lakini stesheni yake iko nje ya kitovu cha mji, kwa hiyo teksi au bajaji ipangwe kabla, na saa ya treni ya mwisho ijulikane kabla ya kuagiza kitindamlo. Wenye nafasi na walale, warudi asubuhi. Maana chajio chenye jicho kwenye saa kimekwisha kuupoteza ule mwendo tulioutafuta.

Usiku wenyewe ukifika, simu zizimwe au zitiwe mfukoni, na atakayepiga picha apige moja mwanzoni akaridhika. Sosi ikija na chumvi nyingi, semeni kwa siri na kwa tabasamu, kwani mwanamume amkemeaye mhudumu mbele ya mchumba wake amemwonyesha mchumba huyo namna atakavyosemeshwa yeye baada ya ndoa. Na mkiridhika, mwiteni mpishi mmshukuru kwa jina lake, mkamweleze ni chakula kipi kilichowapendeza na kwa nini. Kisha mrudi tena, mahali pale pale, kwa mpishi yule yule. Hili la mwisho ndilo lenye manufaa makubwa kuliko yote, kwa sababu mpishi aombwaye supu ya Mgeta na sarara ya pilipili ya Kinole na wateja watano katika mwezi mmoja ataanza kuviweka kwenye menyu bila ya kuombwa, na mwenye hoteli aonaye meza za pembeni zikigombewa ataziongeza, akaihamisha na runinga. Morogoro itaupata mgahawa wake kwa njia hiyo, kutokana na madai ya walaji wake. Basi chukua simu, uulize jenereta iko upande gani, halafu uombe kuzungumza na mpishi.